Kupanda Nkungwe ukitokea Kigoma mjini: jipange hivi, hatua kwa hatua

Wadau habari za mihangaiko. Naulizwa sana kuhusu hii safari ya Mahale, hifadhi ya taifa yenye sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kupanda Mlima Nkungwe kwa mguu, kwa hiyo naandika hapa vile vile ninavyowaeleza watu ninaowapeleka.

Kitu cha kwanza ukielewe kabisa. Nkungwe ina mita 2,462, na Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 773 kutoka usawa wa bahari, yaani unaanza kupanda ukiwa bado na mchanga wa ufukweni kwenye viatu na unapanda karibu mita 1,700 zote kwa miguu yako. Ndani ya hifadhi hakuna barabara. Ukichoka hakuna bodaboda ya kuja kukuchukua, ukisahau dawa hakuna duka, kwa hiyo safari hii inaharibikia au inafanikiwa hapa hapa mjini kabla hujapanda boti.

Hatua ya 1: Miguu, wiki sita kabla

Watu wa hapa Kigoma mna bahati, mji wenyewe ni mlima. Weka kilo 8 kwenye begi la mgongoni (dumu la maji la lita 5 na mchele kilo 3, basi), anzia stesheni panda na Lumumba mpaka Mwanga, shuka, panda tena. Anza mara mbili kwa wiki, ukifika wiki ya nne fanya mara nne. Vaa viatu vile vile utakavyokwenda navyo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona dada mmoja kaja na buti mpya nzuri sana, siku ya kwanza saa nne asubuhi kisigino kimeshavimba malengelenge, tukamvua soksi ngozi ikaja nayo, na hapo kilele hata hakijaonekana. Buti la zamani linaloshika vizuri ni bora kuliko jipya la bei mbaya.

Hatua ya 2: Chagua mwezi na acha siku za ziada

Kiangazi, Juni mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Masika njia inateleza na ukungu unafunika kila kitu. Ila kiangazi ndo ziwa linakuwa na upepo wa kusini na mawimbi yake, so usije na ratiba ya kubana eti Jumapili jioni lazima uwe Dar. Weka siku mbili za akiba. Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki, usimpandishie sauti mtu anayelijua ziwa tangu utoto.

Hatua ya 3: Vibali

Malipo ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) ni kwa kontrol namba, usimpe mtu hela mkononi. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo sana kulinganisha na wageni wa nje kwa hiyo beba kitambulisho. Omba mapema askari wa hifadhi mwenye silaha wa kupanda naye, mlimani huendi peke yako, msituni kuna nyati na chui. Watoto chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, waache kwa bibi.

Hatua ya 4: Boti

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni boti moja kwa moja toka Kigoma, ndefu. Ya pili unashuka na gari kwa barabara ya Ilagala mpaka vijiji vya Buhingu afu unamalizia na boti fupi. Kama hujazoea ziwa chukua ya pili.

Kabla ya kuondoka kagua mwenyewe. Kuna mwaka tulikodi boti ya bei poa, mwenye boti akaapa mafuta yapo ya kutosha, tulipofika mbali na nchi kavu injini ikakohoa ikazima, tukaelea masaa matatu watu wanatapika pembeni na jua linawachoma. Tangu siku hiyo nainua kila dumu, natingisha, nafungua kifuniko nanusa kama ni petroli kweli, halafu nahesabu laifujaketi moja moja kwa kuzivalisha watu. Nahodha akikasirika tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Afya yako, kwa ajili ya sokwe

Hapa naomba msome taratibu. Sokwe wanapata mafua yetu, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kuwaua wao. Mwaka 2006 kwenye kundi la sokwe linaloitwa M, hili hili tunalowapeleka wageni, uliingia ugonjwa wa njia ya hewa na sokwe wakafa. Watafiti wa Kijapani wako na hawa wanyama tangu 1965, wanamjua kila mmoja kwa jina na mama yake ni nani, na sisi tunakuja siku moja na kikohozi! Ukiwa na mafua, tumbo la kuendesha, homa, niambie tukiwa bado mjini. Nimeshamrudisha kaka mmoja aliyekuwa ameshalipa kila kitu, aliumia, nikamwelewa, lakini hakwenda.

Ukifika nao: barakoa puani na mdomoni, kaa mita 10 kutoka kwao, saa moja tu, watu wasizidi sita. Wakija njiani pisha pembeni, chuchumaa, nyamaza wapite. Ukibahatika utaona wawili wamekaa wanatazamana, wamenyanyua mkono mmoja juu wameshikana, na mkono mwingine kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani. Mimi nimeona mara nyingi na bado nasimamisha pumzi.

Hatua ya 6: Mlima wenyewe

Unajiandikisha Bilenge, makao makuu ya hifadhi, unalala kambi ya Kasiha, unaondoka alfajiri. Wenye miguu wanafanya siku mbili, mimi napenda tatu. Maji lita 3 kila mtu tangu chini, pamoja na ORS (ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji). Chini msitu ni mzito na joto linabana, tembea polepole kiasi cha kuweza kuongea bila kuhema, afu mbele unaingia mianzi, halafu nyasi, na hapo upepo unabadilika ghafla na watu waliotoka ufukweni na fulana wanaanza kutetemeka. Sweta na koti la mvua viwe juu kabisa ya begi sio chini.

Chakula chetu: ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa (wakiwa na unyevu siku ya pili wananuka), karanga za mfukoni. Usitupe hata ganda la karanga. Nkungwe ni mlima wenye heshima kwa Watongwe, wenyeji wa huku, walikuwa wakiishi humu kabla ya hifadhi kuanzishwa 1985, kwa hiyo mpagazi wa Kitongwe akikwambia hapa tusipige kelele, tulia.

Kushuka ndo kunaumiza magoti. Kata fimbo mbili? Hapana, usikate kitu hifadhini, njoo nazo toka nyumbani. Kaza kamba za buti vizuri juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele.

Hatua ya 7: Mkirudi ufukweni

Lipa wapagazi hapo hapo, kila mtu mkononi mwake, usimpe mmoja akawagawie. Kisha oga, anika soksi, lala mapema, kwa sababu boti inatoka saa kumi na mbili asubuhi ziwa likiwa bado limetulia.