Somo: Ruta ya mbao nyumbani, tuanzie kwenye plagi

Habari za kazi, mafundi. Wengi mmenunua ruta ndogo za mkononi, mashine za kuchonga kingo na mifereji kwenye mbao, na mnaniuliza pa kuanzia. Kisu cha ruta huzunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Kikishika vibaya, mkono hauwahi. Kwa hiyo karibu usalama wote unafanyika kabla hujawasha.

Hatua ya 1: Chomoa plagi kila unapogusa kisu au koleti, yaani kibanio kinachoshika kisu. Kuzima swichi tu hakutoshi. Umeme ukikatika ukiwa kazini, zima swichi, chomoa, ndipo upumzike. Ruta nyingi za bei nafuu hazina kinga ya kuzuia zisijiwashe. Ukiacha swichi imewashwa, umeme ukirudi mashine itaamka yenyewe juu ya benchi, pengine mtoto yuko hapo karibu.

Hatua ya 2: Funga kisu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopata funzo. Madukani visu vyenye shina (sehemu inayoingia kwenye koleti) la milimita 6 huchanganywa na vya robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nilifunga cha 6 kwenye koleti ya robo inchi, nikakaza kwa nguvu zote, nikaamini kimeshika. Nikiwa nachimba mfereji kwenye ubao wa mninga, kisu kikawa kinateremka kidogo kidogo. Mfereji niliotaka uwe wa milimita 5 ukafika 12. Kingeweza kuchomoka kabisa. Tangu siku hiyo napima kila shina kwa kalipa, kile kipimo cha unene, na sitaki kusikia habari ya kuzungushia karatasi ili libane.

Shina liingie angalau milimita 20. Lisukume mpaka mwisho, lirudishe milimita 2 au 3, kisha kaza kwa spana. Likigusa chini, koleti haishiki sawasawa.

Hatua ya 3: Kasi. Kisu chembamba kinavumilia kasi kubwa. Cha upana wa milimita 50 shusha hadi kama 16,000. Cha milimita 75 ni cha ruta iliyofungwa mezani tu, kasi isizidi 12,000. Ukikizungusha mara 24,000, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kama shina limeandikwa kikomo cha kasi, kifuate hicho.

Hatua ya 4: Funga ubao kwa klampu mbili. Ukiwa na moja, ubao unageuka kama mlango kwenye bawaba.

Hatua ya 5: Mwelekeo. Ukiitazama ruta ya mkononi kutoka juu, kisu kinazunguka kama mishale ya saa. Ukisimama mbele ya ukingo wa ubao, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukizunguka ubao wote kwa nje, unakwenda kinyume cha saa. Ndani ya fremu, unafuata saa. Ukiwa sahihi, utahisi ruta inakupinga kidogo. Ikianza kukuvuta mbele na kukimbia ukingoni, umegeuza mwelekeo: ishike imara, itoe kwenye ubao, zima. Kwenye ruta ya mezani mambo yanageuka: ubao unatoka kulia kwenda kushoto, na usiupitishe kamwe kati ya kisu na kizuizi, yaani ukuta wa mezani unaoegemeza ubao.

Chimba milimita 3 kwa mpito mmoja. Mninga na mvule hazitaki haraka.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Nivae glavu ili nisikatwe?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Kisu kikidaka uzi wa glavu, kinavuta mkono mzima. Kunja mikono ya shati, vua saa na pete. Vaa miwani na vizibo vya masikio.

Kaka, mvule wangu unaungua, ukingo unatoka mweusi. Niongeze kasi?

Usiongeze. Mara nyingi ni kisu butu, au kimeganda utomvu, au unasukuma polepole mno. Kisafishe kwanza. Kikiendelea kuunguza, kinolewe au ununue kingine, kwa sababu kisu butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo mkono unateleza.

Nataka kuzungusha kona za vipande vidogo vya fremu za picha. Navishikaje?

Dada, usivishike. Fanya kazi ya ruta kwenye ubao mrefu ukiwa mzima, kisha ndipo ukate vipande.

Fundi, nikichonga mvule ngozi inaniwasha na kifua kinabana. Ni vumbi tu?

Ni vumbi, lakini usilichukulie kirahisi. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta upele na pumu, na mwili ukishalikataa, kiasi kidogo tu kinatosha kukuamsha usiku. Kitambaa puani hakizuii. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2, fanyia kazi nje, usipeperushe vumbi kwa ufagio mkavu. Kwa kuwa kifua tayari kinabana, acha mvule sasa, umwone daktari wiki hii.