Kuivisha rangi ya shanga za kioo kwenye tanuri la umeme: ninavyofanya hapa Mtwara

Juzi binti wa jirani alinijia na shanga kumi na mbili ndani ya kopo la maziwa. "Shikamoo shangazi. Nilinunua vijiti vyekundu vya kioo, mbona shanga zimetoka hivi?" Nikazimwaga kwenye kanga. Saba zilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maji, tano zimeiva kupita kiasi mpaka zikawa rangi ya maini. Nyekundu ya kweli, ile ya bibo lililoiva juani, haikuwepo hata moja.

Hizo saba tuliziokoa. Tano hapana. Naandika tulivyofanya, pamoja na yale yaliyonigharimu mimi wiki tatu na yuniti za LUKU nisizotaka kuzikumbuka.

1. Jua kama kioo chako kina rangi iliyolala

Si kila kioo hubadilika tanurini. Buluu ya kobalti ikitoka kwenye mwali wa moto ni buluu, hata ukiipika hadi kesho. Chupa ya kijani imetiwa rangi na chuma na kromiamu, ya kahawia na chuma pamoja na salfa. Hizo nazo usizitarajie kuamka. Kama unatumia chupa tupu, tanuri litakusaidia kuzuia mipasuko tu, si rangi.

Rangi inayolala ni ya vioo vyenye dhahabu, fedha, shaba, au seleniamu na kadimiamu. Humo rangi hutokana na chembe ndogo mno zinazokua ndani ya kioo kikipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, joto ambalo bado halikiyeyushi. Ushanga ukipoa haraka kutoka kwenye mwali, chembe hazijakua, nawe unaona maji ya chai. Chembe zikizidi kukua, unapata maini. Kazi yote iko katikati ya hapo. Zile shanga nyekundu zisizopitisha mwanga zilizoletwa na wafanyabiashara wa India kwenye pwani hii, ambazo wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta hadi Kilwa, nazo zilipata wekundu wao kwa shaba. Waliozitengeneza walitumia kuni, na hawakuwa na kipimajoto.

Ninachoeleza hapa ni cha vijiti laini vya aina ya 104 (namba ya jinsi kioo kinavyotanuka kwa joto), vile vinavyotengenezwa Murano, Italia. Kioo kigumu cha borosilikati kina joto lake, usitumie namba zangu. Na usichanganye vijiti na chupa kwenye ushanga mmoja. Havisinyai sawa, vitapasuka hata baada ya mwezi.

2. Tengeneza shanga

Hii siielezi, kama umefika hapa unaijua. Ila usijaribu kumaliza rangi kwenye mwali. Acha ushanga ukiwa mweupe-mweupe, usubiri mpaka wekundu wa moto umeisha machoni, kisha uingize tanurini.

3. Washa tanuri kabla hujashika tochi ya moto

Liwe nyuzi 510 za Selsiasi wakati ushanga wa kwanza unaingia. Egemeza waya ulizozungushia shanga ili shanga zenyewe zisiguse kitu, vinginevyo zitabeba alama. Sakafu ya tanuri naipaka kaolini, ule udongo mweupe, na unga wa alumina. Kaolini ya Pugu inatosha, sioni sababu ya kuagiza ya nje.

Watakaokuambia ufukie shanga kwenye jivu la moto badala ya tanuri, waache. Jivu linapoza polepole kidogo tu, na rangi haliivishi kabisa.

4. Kuivisha

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo tukae.

Mtandaoni utasoma "shikilia nyuzi 520 kwa saa moja". Nilifanya hivyo kwa wiki mbili. Shanga za mlangoni zikatoka chai, za nyuma zikatoka maini, kutoka kijiti kimoja na moto mmoja. Nikalaumu vijiti, nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe kipimajoto cha tanuri langu kimetokeza juu, karibu na waya wa moto. Niliponunua themokapo (waya wa kupimia joto) nyingine ya aina ya K na kuilaza pale shanga zinapokaa, namba ya nje ilisoma 520, ya ndani mlangoni 488. Tofauti ya nyuzi thelathini na mbili ndiyo tofauti ya kuiva na kutoiva.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine, nunua themokapo ya pili. Ni bei ndogo kuliko shanga utakazoharibu. Pima mlangoni, katikati, na nyuma, ukalichorea tanuri lako ramani. Mimi sasa robo ya mbele siitumii kabisa.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Usiku watu wakirudi nyumbani, mafeni na majokofu yakiwaka, volti hushuka. Zikitoka 230 hadi 200, nguvu ya tanuri hupungua kwa karibu robo, si kwa sehemu ndogo unayoidhania. Tanuri linachelewa kupanda, wewe ulishaanza kuhesabu saa yako. Usihesabu tangu ulipobonyeza kitufe. Hesabu tangu themokapo ya ndani ilipofika. Mimi huivisha asubuhi.

Tatu, mashahidi. Tengeneza shanga ndogo tano za kijiti kilekile, unene uleule na zile za kuuza, uzipange karibu na mlango utakapozitolea, lakini nyuma ya ile robo ya mbele yenye baridi. Anza na nyuzi 520 za ndani. Toa shahidi mmoja baada ya dakika 15, mwingine 30, kisha 45, 60 na 90. Kila mara zima swichi ya ukutani kabla koleo la chuma halijaingia, kwa sababu waya wa moto una umeme na koleo litakugusisha nao. Vaa glovu za ngozi na miwani. Shahidi mweke chini, mfunike kwa kopo, maana anaweza kupasuka kwa kupoa ghafla. Apasuke tu, ushahidi haupotei.

Usimhukumu akiwa moto. Nyekundu ya seleniamu ikiwa na joto huonekana nyeusi-nyeusi, na hapo ndipo binti alipokosea: aliona giza akadhani bado, akaongeza saa nzima. Subiri apoe, mpeleke dirishani. Taa ya sebuleni inadanganya.

Shahidi wa dakika 60 akiwa bado chai, panda nyuzi kumi, rudia. Mimi sivuki 545, kwani huko ushanga huanza kulegea kwenye waya. Ukimpata shahidi mwekundu, andika dakika zake daftarini pamoja na aina ya kijiti. Kijiti kipya, hata cha jina lilelile, kinahitaji mashahidi wapya.

Zile saba za binti zilikuwa baridi, kwa hiyo tulipanda taratibu, nyuzi 150 kwa saa hadi 500, kisha tukaendelea. Zilikolea kwenye dakika ya 45. Zilizokuwa maini tanuri haliwezi kuzirudisha nyuma.

5. Kupoza

Shusha hadi 510, shikilia nusu saa, kisha nyuzi 60 kwa saa hadi 370, halafu zima na usifungue mpaka asubuhi. Hiyo ni kwa shanga za hadi sentimita moja na nusu. Nene zaidi, ongeza muda.

Umeme ukikatika: usifungue mlango kuchungulia. Zima swichi, maana umeme ukirudi tanuri linaweza kuwaka kwa nguvu zote ukiwa umelala. Kesho yake pasha upya taratibu, shikilia 510, poza tena. Ushanga haujapotea kwa sababu hiyo.

6. Kutoa waya

Loweka, zungusha, vuta. Tundu lisafishe kwa sindano ya almasi ushanga ukiwa majini, kamwe si mkavu. Vumbi la kioo chenye kadimiamu si la kuvuta puani, na watoto wasikae karibu. Hayo maji ya kusafishia usiyamwage kwenye mchicha.