Ukifika Trinidad ya California, anza na maji kupwa

Trinidad hii si ile ya Karibi. Ni mji mdogo wa pwani kaskazini mwa California, watu wake hawafiki 400, kando ya barabara kuu namba 101.

Kwanza kabisa tazama ratiba ya maji. Yakipwa, teremka Agate Beach, ndani ya hifadhi ya Sue-meg, ukatafute akiki. Tembea ukilielekea jua likiwa chini, macho kwenye kokoto zilizolowa pale mawimbi yanapoishia. Mawe mengine hubaki meusi. Akiki hupitisha mwanga, njano kama asali. Okota chache tu. Na nakusihi, usiipe bahari mgongo: wimbi kubwa huja ghafla, na maji yale ni baridi mno.

Sue-meg ni jina la Wayurok, wenyeji wa pale. Hifadhi ilirudishiwa jina hilo 2021. Kijiji chao cha nyumba za mbao, kilichojengwa upya, kimo humo. Kipite kwa adabu.

Kwa miti ya redwood, ile mirefu mno ya pwani hii, endesha kaskazini, upite Orick, hadi msitu wa Lady Bird Johnson Grove. Njia ya miguu ya kuuzunguka ni kama kilomita 2.4, hata mzee anaumudu. Nenda asubuhi ya ukungu: matone hudondoka kutoka matawini ingawa mvua hainyeshi, na miti hunywa humo kiangazi kizima.

Fern Canyon, korongo lenye kuta zilizojaa makangaga, huhitaji kibali cha gari kuanzia Mei 15 hadi Septemba 15. Omba mapema. Beba koti, hata Julai.