Kabla ya skuli, tazama sehemu ya miezi 18

Mzazi mwenzangu wa Unguja au Pemba, kabla hujamuandikisha mtoto skuli ya maandalizi, fungua kadi yake ya kliniki utazame sehemu ya miezi 18. Hapo huandikwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, na ndiyo inayosahaulika: mtoto keshatembea, haumwi, mtu haoni sababu ya kurudi kituoni. Kwenye kadi ya wangu nilikuta tarehe ya miezi 9 ipo, chini yake peupe. Dozi moja haimkingi kila mtoto, na surua huenea kwa hewa, darasa zima. Kadi ikipotea au wino ukifutika kwa maji, njia hii haisaidii. Nenda kituo kilekile alichochanjiwa, wakutafutie kwenye rejista. Tarehe usikisie.