Somo: Soma maji ya bwawa lako kabla ya kumwaga chokaa

Sato wakianza kuelea midomo wazi, wengi wetu hukimbilia chokaa. Naomba tuiache haraka hiyo. Chokaa inatibu tatizo moja, na kwenye tatizo jingine inaua. Somo hili ni la bwawa dogo la uani. Mfano wetu ni bwawa la mita 5 kwa 4, kina mita 1, yaani lita 20,000.

Hatua ya 1: Amka saa 11 alfajiri. Usiku mwani (vimea vidogo vya kijani vinavyoelea majini) hautengenezi oksijeni, nao unaitumia kama samaki wenyewe, hivyo kabla ya jua kuchomoza ndipo inapopungua kabisa. Sato wakihema juu alfajiri na kutulia jua likipanda, tatizo ni oksijeni. Wakihema kutwa, kuna jingine. Kambale asikutishe: ana kiungo cha kuvutia hewa, kupanda juu ni kawaida yake.

Hatua ya 2: Chovya mkono. Uzamishe wima, kiganja ukikilaza. Kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, ukijani uko sawa. Kikipotea mapema zaidi, mwani umezidi, punguza samadi. Maji yakiwa ya rangi ya udongo, kipimo hiki hakikusaidii. Tafuta udongo unakoingilia, uweke tuta.

Hatua ya 3: Pima pH (kipimo cha uchachu wa maji: ikishuka maji ni machachu zaidi) na amonia. Vipimo vya matone hupatikana kwenye maduka ya samaki wa mapambo. pH ipime alfajiri na tena saa 9 alasiri, kwa sababu mwani ukitumia kaboni dayoksaidi mchana kutwa, pH hupanda. Kati ya 6.5 na 9 sato anaishi vizuri.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini. Amonia hutokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza chini. Sumu yake inategemea pH: ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Ukimwaga chokaa kwenye maji yenye amonia, unaipandisha pH hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Samaki waliokuwa wagonjwa asubuhi, jioni unawaokota.

Hatua ya 4: Tibu ulichokiona.

Oksijeni: ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu, au washa pampu irushe maji usiku. Usilishe asubuhi hiyo.

Amonia: acha kulisha siku mbili au tatu, toa robo ya maji (hapa lita 5,000) kutoka chini, jaza mapya. Rudia kesho kipimo kikiwa bado juu.

pH chini ya 6.5 na amonia haipo: hapo ndipo chokaa ya kilimo inafaa, kidogo kidogo, ukipima kila siku. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse, inapandisha pH kwa ghafla.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Natumia maji ya bomba. Nikibadilisha, vifaranga vinakufa siku hiyohiyo.*

Marahaba. Kama bomba lenu lina klorini (dawa ya kuua vijidudu kwenye maji), anza kwa kuiondoa, kwani inaunguza matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia. Acha maji kwenye tanki lililo wazi juani siku nzima, uyakoroge, kisha uyatumie.

*Samaki wangu wanahema, ila amonia haionekani. Nimefungua matamvua, ni ya kahawia badala ya nyekundu.*

Vizuri sana kwa kuyafungua. Hiyo ni dalili ya nitriti, sumu itokanayo na amonia, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Badilisha robo ya maji, kisha weka chumvi kilo 1 kwa kila lita 1,000. Kwa bwawa la mfano wetu ni kilo 20. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, imwage polepole pande zote.

*Siku za mawingu nilishe kama kawaida?*

Hapana, punguza nusu. Mwani usipopata jua, oksijeni haitoshi, na chakula kitakachobaki kitaoza.

*Maji ninayoyatoa naweza kumwagilia mchicha?*

Ndiyo, ni mbolea nzuri, mchicha utanawiri. Ila kama uliweka chumvi, usiyapeleke bustanini kabisa.