Kuandaa gari la rali kwa vumbi la Uganda, kwa funzo la Lancia

Lancia, kampuni ya magari ya Italia, walitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mara 10, sita kati yake mfululizo kwa gari la Delta, 1987 hadi 1992. Hata hivyo Rali ya Safari, ile ya Afrika Mashariki, iliwasumbua miaka mingi. Mwaka 1975 Stratos zao, zilizokuwa zikitamba Ulaya, ziliambulia nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Ilibidi wangoje hadi 1988, Miki Biasion na mwelekezi wake Tiziano Siviero waliposhinda. Wakarudia 1989, na Juha Kankkunen akaongeza ushindi mwingine 1991. Wenyeji hawashangai: hiyo ni rali ambayo zamani ilipita Uganda pia, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa, aliishinda mara tano. Huku kwetu gari huvunjwa na barabara kabla halijashindwa na mpinzani.

Anza na vumbi, kwa sababu ndilo linaloua injini ya tabo, yaani yenye feni inayoisukumia hewa, kimyakimya. Vumbi jekundu la murram ni laini kama unga wa muhogo. Likipita filta husaga mapanga ya tabo na ringi za pistoni, na dalili utaiona umechelewa: moshi wa buluu na oili inayopungua. Tumia filta ya sponji yenye oili. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kamwe si petroli, maana petroli hulegeza gundi. Ikamue kwa kuibana, usiisokote, iache ikauke kabisa, kisha ipake oili yake na uibane tena itoke ya ziada. Oili ikizidi huchafua sensa ya hewa na injini huanza kukohoa. Paka grisi ukingo wa filta unapokaa. Baada ya kila hatua ya mashindano pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo nyuma ya filta: kikitoka chekundu, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni klipu ya bomba wala si filta.

Chini ya injini funga bamba la alumini la milimita 6. Liache mbali na sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa milimita 20 hivi, la sivyo jiwe likilipinda litabonyeza sampu nalo. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba. Vikichomoza, mawe huvikata, na bamba huanguka katikati ya mashamba ya miwa. Msimu wa mvua lifungue kila siku: matope yanayoganda juu yake ni uzito, tena hufungia joto.

Ukiinua gari, usizidishe milimita 30. Wengi hapa huinua hadi gari lifanane na pikipiki, halafu wanashangaa sivi jointi, viungo vya eksili vinavyozungusha magurudumu, zinakufa. Pembe ya eksili ikizidi, mpira unaofunika jointi huchanika, vumbi huingia, kazi imekwisha. Shokapu zipime kwa mkono mara gari linaposimama. Zote nne ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo baridi peke yake haifanyi kazi, hata kama haivuji.

Bodi nayo huchoka. Chomelea viungo vya minara ya shokapu, pale bodi inaposhika ncha zake za juu, kwa vipande: sentimita 2.5, ruka 4, kisha endelea upande mwingine. Ukichomelea mfululizo, bati hujikunja na magurudumu hayanyooki tena.

Nati zote za miguu ya gari zipigwe alama ya rangi nyeupe, mstari mmoja ukivuka nati na bolti. Mstari ukikatika, nati imelegea. Huhitaji spana kujua. Nati za magurudumu zikaze upya baada ya kilomita 50 za kwanza.

Rejeta ioshwe kutoka upande wa injini kuelekea mbele, maji yasiwe ya nguvu, mapezi hulala. Kabla ya kuzima, acha injini ya tabo inguruma taratibu dakika mbili. Ukiizima ikiwa imechemka, oili huungulia kwenye beringi.

Ndani ya gari beba magurudumu mawili ya akiba, belti, mabomba ya maji na klipu zake, fyuzi, waya laini na lita 5 za maji. Vyote vifungwe kwa mikanda, kwa maana jeki iliyolegea gari likipinduka ni hatari kuliko mti.