Kuweka alamu za vifaa kwenye programu ya kupimia kina: Bwawa la Mtera na Ziwa Nyasa

Upimaji wa kina cha maji huharibika kimyakimya. Kebo ya kipimakina ikilegea, injini haizimiki, boti haiyumbi, na mstari kwenye kioo unaendelea kuchorwa. Hasara huonekana jioni kambini, mistari ya siku nzima ikifunguliwa na kukutwa haina kina. Alamu ndiyo kinga yake, ila ikiwekwa ovyo hudhuru kuliko kukosekana. Alamu inayolia kila dakika mbili bila sababu huzimwa sauti na mwendeshaji, na ile ya kweli ikija hakuna anayeisikia.

Maelezo haya yanalenga boti ndogo yenye kipokezi cha GNSS cha RTK (kinachopata mahali kwa setelaiti na kwa masahihisho kutoka kituo cha ardhini), kipimakina cha mwale mmoja cha 200 kHz (kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti), dira ya setelaiti (inayotoa uelekeo wa boti kwa nyuzi), na kompyuta mpakato yenye HYPACK, QINSy au programu nyingine ya aina hiyo. Majina ya menyu hutofautiana kati ya programu na programu, na hata kati ya toleo na toleo. Namna ya kukokotoa viwango haibadiliki.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa menyu, andika kwa kila kifaa: kinatuma ujumbe gani, mara ngapi kwa sekunde, kupitia porti ipi ya COM (njia ya mawasiliano ya kompyuta na kifaa), na kikikosea nani anafanya nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Alamu ambayo hakuna mtu wa kuichukulia hatua ifute.

Kisha zigawe katika ngazi tatu. "Simamisha" maana yake nahodha anapunguza mwendo papo hapo na mstari unakatwa. "Angalia" maana yake mwendeshaji anachunguza huku boti ikiendelea. "Andika tu" haina sauti, inaingia kwenye kumbukumbu ya siku. Boti ndogo haihitaji zaidi ya alamu sita au saba za ngazi ya kwanza.

Kifaa kikinyamaza

Alamu ya kimya, inayolia ujumbe wa kifaa usipofika kwa muda fulani wa kusubiri, ndiyo ya kwanza kuwekwa, na kiwango chake hutokana na kazi yenyewe. Boti inayokwenda noti 4 husogea mita 2.06 kwa sekunde. Ukiacha muda wa kusubiri wa sekunde 10, unakubali pengo la mita 20 lisilo na data kabla hujaambiwa. Kama mkataba unaruhusu pengo la mita 5 tu kati ya vipimo, gawanya 5 kwa 2.06: unapata sekunde 2.4. Weka 2.

Sasa linganisha na kasi ya kifaa. Muda wa kusubiri usipungue mara tatu ya nafasi kati ya ujumbe na ujumbe, la sivyo alamu italia kwa kuchelewa kudogo tu kwa kompyuta. Kipokezi kinachotuma GGA (ujumbe wa mahali) mara moja kwa sekunde kinahitaji angalau sekunde 3, na hapo umeshavuka mita 5. Usilegeze alamu, ongeza kasi ya kipokezi iwe mara 5 kwa sekunde.

Ukiongeza kasi, angalia na mwendo wa porti. Ujumbe mmoja wa GGA una herufi kama 80 na VTG (ujumbe wa mwendo na uelekeo) kama 45. Zote mbili mara 5 kwa sekunde, pamoja na ZDA (ujumbe wa saa na tarehe) moja, ni herufi kama 660, yaani biti 6,600 kila sekunde. Porti ya 4800 haiwezi kabisa. Ya 9600 inaweza, lakini imebanwa. Weka 38400 pande zote mbili, kwenye kipokezi na kwenye programu. Porti ikizidiwa, dalili yake ni ujumbe uliokatika katikati na alamu ya kimya inayokuja na kuondoka, na watu wengi hukimbilia kubadilisha kebo ambayo haina kosa.

Kipimakina kinachotuma mara 10 kwa sekunde kipe sekunde 1. Dira nayo sekunde 1.

Kifaa kinachosema lakini kimekwama

Hapa ndipo data nyingi hupotelea, kwa sababu alamu ya kimya haioni kitu: ujumbe unafika kwa wakati, ila namba ni ile ile. Kuna vipimakina ambavyo vikipoteza sakafu hurudia kina cha mwisho, na vingine hutuma 0.00. Lazima ujue chako ni cha aina gani, na njia ya kujua ni rahisi: boti ikiwa ufukweni, inua transdusa (kichwa cha kipimakina kinachotuma sauti) itoke majini huku programu ikisoma, uone kinachoandikwa.

Kikituma sifuri, alamu ya kina chini ya mita 0.3 inatosha. Kikirudia, weka alamu ya thamani isiyobadilika. Kwa dira, nyuzi zisizosogea hata sehemu ya kumi kwa sekunde 10 boti ikiwa mwendoni ni kosa. Hakuna nahodha anayeshika usukani kwa unyoofu huo. Kwa kina, vuta subira kidogo. Tope la Mtera ni tambarare, na asubuhi isiyo na upepo kina kinaweza kujirudia kwa haki. Sekunde 5 mfululizo bila tofauti ya sentimita moja ni kiwango cha kuanzia. Kwa GGA, tazama saa iliyo ndani ya ujumbe pamoja na mahali: saa ikisimama, kipokezi kimeganda, saa ikienda na mahali pakisimama, tazama namba ya ubora.

Programu yako ikiwa haina alamu ya aina hii, fungua dirisha la grafu ya kina na nyuzi kwa wakati, lionyeshe dakika mbili zilizopita, na mpe mtu jukumu la kulitazama. Mstari ulionyooka kama rula unaonekana mara moja.

Ubora wa mahali

Ndani ya GGA kuna namba ya ubora: 0 hakuna mahali, 1 setelaiti peke yake, 2 masahihisho ya kawaida, 4 RTK iliyokamilika, 5 RTK isiyokamilika. Swali la kujiuliza ni usawa wa maji unaupata wapi. Kama unatokana na kimo cha RTK, chochote kisicho 4 kwa zaidi ya sekunde 5 ni "Simamisha", kwa kuwa ubora 5 unaweza kukupotosha kwa desimeta kadhaa na ramani isionyeshe dalili. Kama unausoma kwenye rula ya maji na GNSS inatumika kwa ramani tu, 5 inatosha kuwa "Angalia".

Alamu ya umri wa masahihisho ina faida ya kulia mapema: sekunde 10 "Angalia", sekunde 30 "Simamisha". Vipokezi vingi hushikilia 4 kwa muda baada ya masahihisho kukatika, kwa hiyo umri hukuonya kabla ubora haujaanguka. Nafasi ya umri ikiwa tupu, programu iihesabu kuwa kosa. Ukitegemea masahihisho kupitia simu, tembea na boti eneo lote kwanza ukiandika umri, ujue mtandao unakatika wapi. Penye pengo, kituo cha redio juu ya kilima ni bora kuliko alamu iliyolegezwa.

Upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Matema kwenda kusini, Milima ya Livingstone inaziba anga ya mashariki, na ukikaribia ufukwe setelaiti hupungua. Weka idadi 8 kuwa "Angalia" na 6 kuwa "Simamisha". HDOP (kipimo cha mpangilio wa setelaiti angani, namba ndogo ni bora) 2 na 3 kwa mpangilio huo huo. Alamu ikilia kila ukikaribia mwamba, panga mistari hiyo kwa saa ambazo programu ya kutabiri setelaiti inaonyesha anga nzuri.

Mipaka ya kina na ya eneo

Kwanza chunguza alamu inalinganisha kina kipi: kinachotoka kwenye transdusa, au kilichokwisha kuongezwa kina cha kuzama kwa transdusa. Tofauti ya nusu mita hapo ndiyo inayovunja propela. Kwa boti ambayo transdusa imezama mita 0.5 na propela mita 0.7, kina kutoka usawa wa maji cha mita 2.0 kiwe "Angalia" na 1.5 kiwe "Simamisha", bila kuchelewesha zaidi ya vipimo viwili mfululizo. Viwili vinatosha kuchuja kiputo cha hewa au samaki.

Alamu hii haioni mbele. Transdusa hutazama chini, na kisiki cha mti ukikipitia kwa noti 4 umeshakifikia. Penye visiki au nyavu, kina kikiwa chini ya mita 3, shuka hadi noti 2.

Mtera hujaa kwenye mita 698.50 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha uendeshaji ni mita 690. Hiyo ni tofauti ya mita 8.5. Faili la mradi lililotengenezwa mvua zilipoisha lina mipaka isiyofaa mwishoni mwa kiangazi: njia iliyokuwa salama inakuwa tope. Pitia mipaka upya kila safari, na usikopi faili la msimu uliopita bila kulifungua.

Ziwa Nyasa lina taabu ya upande wa pili. Karibu na Itungi, mito kama Kiwira, Mbaka na Songwe huleta mchanga, na hapo alamu ya kina kifupi ndiyo ya kutegemewa. Lakini chini ya Livingstone sakafu inaporomoka, na sehemu ya ndani kabisa ya ziwa inakaribia mita 700. Kipimakina cha 200 kHz hupoteza sakafu mapema zaidi, kisha huanza kushika mwangwi wa uongo. Weka kikomo cha juu kulingana na kitabu cha kifaa chako, kwa ngazi ya "Simamisha".

Weka pia alamu ya eneo: mstatili wa kuzunguka kazi yako, kwa mita za gridi. Kwa Mtera usiiache kabisa. Bwawa liko karibu sana na longitudo 36° mashariki, ambapo kanda za 36 na 37 za UTM (mfumo wa gridi za ramani) zinakutana. Mahali pale pale, namba ya mashariki ya gridi ni kama mita 831,000 kwa kanda ya 36 na kama 169,000 kwa kanda ya 37. Mtu akichagua kanda isiyo sahihi, alamu hii italia boti ikiwa bado imefungwa kamba. Tumia kanda ya 36 kusini kwa ziwa lote, hata kama ukuta uko ukingoni mwake.

Saa na kasi ya sauti

Kwa mita 2 kwa sekunde, saa ikikosea nusu sekunde, kila kina kinaandikwa mita moja mbali na mahali pake. Weka alamu ya tofauti kati ya saa ya kompyuta na UTC (saa ya kimataifa): sekunde 0.1. Kiasi cha tofauti kinakutajia kosa. Sekunde 10,800 kamili ni saa tatu, yaani mtu ameweka saa ya Afrika Mashariki badala ya UTC. Sekunde 18 ni kipokezi kinachotuma saa ya GPS. Tofauti inayoruka huku na huko mara nyingi ni Windows inayorekebisha saa kwa intaneti ya simu wakati programu nayo inarekebisha kwa ZDA. Zima ile ya Windows.

Sauti kwenye maji baridi yasiyo na chumvi huenda mita 1,482 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na 1,497 kwenye nyuzi 25. Kipimakina kilichoachwa kwenye 1,500 wakati maji ni ya nyuzi 20 kitazidisha kina cha mita 20 kwa sentimita 24. Kipimakina cha mwale mmoja hakina namna ya kugundua kosa hilo chenyewe, kwa hiyo weka alamu ya wakati: kila baada ya saa nne, na tena adhuhuri jua likiwa kali bila upepo, mwendeshaji akumbushwe kushusha kifaa cha kasi ya sauti au bamba la kuhakiki (linaloshushwa hadi kina kinachojulikana).

Betri ya volti 12: 12.2 "Angalia", 11.8 "Simamisha".

Sauti isikike, kisha jaribu

Spika ya kompyuta haisikiki karibu na injini ya boti. Unganisha spika kwa waya, iweke kwa nahodha, na ngazi mbili za juu ziwe na milio tofauti. Kwenye Windows, zima usingizi wa kompyuta na uokoaji umeme wa USB. Huo wa pili hukata porti za COM ghafla na kuleta kimya cha uongo. Kila kebo ya USB ibaki kwenye tundu lake, liandike namba kwa rangi, kwa maana ukibadilisha tundu namba ya COM inaweza kubadilika.

Jaribio hufanyika ufukweni, injini ikiwaka:

1. Chomoa kebo ya kila kifaa, moja moja, na uhesabu sekunde hadi mlio.
2. Funika antena ya GNSS kwa sufuria ya bati, uone ubora ukishuka na alamu ikifuata.
3. Zima redio ya masahihisho, tazama umri ukipanda.
4. Inua transdusa.
5. Badilisha kanda ya UTM kwa makusudi, kisha irudishe.

Andika sekunde ulizohesabu kwenye ile karatasi ya mwanzo. Alamu iliyochelewa kuliko ulivyoiweka mara nyingi ina kichujio cha wastani mbele yake kwenye programu. Kipunguze hicho kwanza, ndipo uguse kiwango. Programu ikisasishwa, au mradi ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, rudia majaribio yote matano, kwa sababu mipangilio ya sauti na porti hubaki kwenye kompyuta ya zamani.